Kiganja Kinachowasha

Kwetu Goma, kama labda kwenu pia, mtu akiwashwa na kiganja wenzake humwambia: "Furahi, fedha iko njiani." Naye hucheka, akajikuna, akaenda zake akitazamia bahati. Ni maneno ya mzaha tu. Lakini zaidi ya miaka 400 iliyopita mtunzi mmoja wa Uingereza, William Shakespeare, alikitia kiganja kiwashacho katika mchezo wake wa kuigizwa uitwao Julius Caesar, na humo hakuna mtu anayecheka. Mchezo huo aliutunga yapata mwaka 1599. Sisi wasemaji wa Kiswahili tulijaliwa kuupata katika lugha yetu, maana Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanganyika, aliutafsiri na kuutoa mwaka 1963. Baadaye akaupitia tena, ukatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Mimi niliukuta kwanza kwa Kifaransa, nilipokuwa seminarini. Kitabu cha Mwalimu Nyerere nilikipata miaka mingi baadaye kwa ndugu mmoja aliyekileta kutoka Kigoma. Sasa mimi ni katekista hapa Katindo, na jioni za Jumanne, baada ya mafundisho, huusoma mchezo huo pamoja na vijana. Napenda kuwaeleza wasomaji jambo moja tuliloliona humo, kwa kuwa naona latuhusu sisi watu wa mji huu sawa na lilivyowahusu Waroma wa kale.

Kwanza hadithi yenyewe, kwa ufupi. Kaizari amerudi Roma baada ya kuwashinda adui zake, na watu wanamshangilia mno. Baadhi ya wakubwa wanaogopa kwamba atajifanya mfalme. Mmoja wao, Cassius, anamvuta Brutus, mtu mwema anayeheshimiwa na wote, aingie katika shauri la kumwua. Wanamwua kwa visu siku ya 15 Machi, mwaka 44 kabla ya Kristo. Halafu Antony, rafiki wa marehemu, anasema na watu mbele ya maiti, nao wanageuka kama upepo. Wauaji wanakimbia mji, na mwaka 42 kabla ya Kristo Brutus na Cassius wanakufa huko Filipi, kila mmoja kwa upanga wa upande wake.

Asomaye mchezo huu kwa mara ya kwanza hushikwa na woga mapema, maana umejaa dalili mbaya. Mpiga ramli anamwonya Kaizari hadharani ajihadhari na siku ile ya Machi. Usiku wa kuamkia siku hiyo yavuma tufani kubwa. Simba anaonekana akipita mjini, bundi analia sokoni mchana mweupe, na mtumwa mmoja anaonekana mkono wake wa kushoto ukiwaka moto bila kuungua. Calpurnia, mkewe Kaizari, anaota kwamba sanamu ya mumewe yabubujika damu, na Waroma wanakuja wakicheka kunawa mikono yao humo. Makuhani wanampasua mnyama wa sadaka wasikute moyo ndani yake.

Niliwauliza vijana: "Je, Kaizari alikufa kwa kukosa onyo?" Wote wakajibu kwamba la, alionywa mpaka maonyo yakamchosha. Basi shida ilikuwa wapi? Tulitafuta, tukaona kwamba shida ilikuwa kwa wafasiri. Kaizari alikwisha kukubali kubaki nyumbani asubuhi ile. Ndipo akaja Decius, mmoja wa wauaji, akaifasiri ile ndoto kwa namna ya kupendeza: ati damu ile yaonyesha kwamba Roma itapata uzima kutoka kwake. Kaizari akavaa joho lake akatoka. Hali kadhalika Brutus. Yeye aliokota barua zilizotupwa dirishani kwake, akadhani ni sauti ya raia wengi wanaomlilia auokoe mji. Kumbe barua zote zilitoka kwa Cassius, aliyezigeuza mwandiko ili zionekane za watu mbalimbali. Nasi siku hizi, tunapopokea katika simu habari ile ile mara kumi, yatupasa kukumbuka barua za Cassius.

Yuko pia mtu mmoja mdogo, Artemidorus, aliyeandika katika karatasi majina yote ya wauaji, akamwomba Kaizari aisome mara moja kwa sababu inamhusu yeye mwenyewe. Kaizari akasema mambo yanayomhusu yeye yatakuwa ya mwisho. Neno hilo ni zuri kwa mtawala! Lakini akaingia baraza karatasi ikiwa haijasomwa.

Hapo vijana wangu walianza kusema juu ya mlima wetu, wala sikuwazuia, maana mtu wa Goma hawezi kusikia habari za dalili asiufikirie Nyiragongo. Mlima huo una urefu wa mita 3,470, na kwa miaka mingi usiku tuliona wekundu wake mawinguni. Ulipasuka 10 Januari 1977. Ulipasuka tena 17 Januari 2002, nikiwa mtoto, na moto ule ukapita katikati ya mji ukaliharibu hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Ukapasuka mara nyingine jioni ya Jumamosi 22 Mei 2021, na safari hiyo watu hawakupewa onyo. Waliona mbingu imekuwa nyekundu wakakimbia. Siku tano baadaye serikali iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame, na watu wakajaa barabara ya Sake wakiwa na magodoro vichwani.

Yafaa tujue kilichotokea kabla. Mlima ule una vyombo vya kupima mitetemo ya ardhi, navyo hupeleka habari kwa wataalamu walio hapa mjini. Fedha za msaada zilizoitegemeza kazi hiyo zilikwisha mwaka 2020, na kwa miezi mingi wataalamu wakakosa hata intaneti ya kupokea vipimo hivyo. Kwa hiyo, wakati sisi tulipokuwa tukiutazama wekundu wa mawingu na kubashiri kila mtu kwa akili yake, dalili ya hatari ilikuwa imekwisha kuandikwa mahali tusipopatazama, katika kitabu cha mapato na matumizi.

Iko na dalili nyingine ambayo haiwaki kabisa. Wenyeji wa hapa waijua: ndiyo mazuku. Ni hewa nzito itokayo ardhini, isiyoonekana kwa macho, nayo hutuama mashimoni na mabondeni, hasa karibu na ziwa. Kwa kuwa ni nzito hulala chini. Mtu mzima aweza kupita amesimama wima asidhurike, na nyuma yake mtoto mfupi akaanguka, au mbuzi akafa. Kijana mmoja akasema: "Mwalimu, rushwa ndiyo mazuku ya nchi. Wakubwa wanapita wamesimama, sisi wadogo ndio tunaoanguka." Sijasikia ufafanuzi ulio bora kuliko huo.

Sasa turudi kwenye mchezo, tukafike pale penye kiganja. Ni sehemu ya nne, nayo wasomaji wengi huipita haraka, maana Kaizari amekwisha kufa na visu vimekwisha kufutwa. Brutus na Cassius wamekaa hemani karibu na Sardi, nao wanagombana vikali. Ugomvi wao ni wa nini? Ni wa fedha. Brutus amemhukumu ofisa mmoja aliyepokea hongo kwa watu wa Sardi, na Cassius anaudhika kwa kuwa alikuwa amemwombea huyo msamaha. Ndipo Brutus anapomwambia Cassius kwamba hata yeye kiganja chake chawasha, kwa kuwa huuza vyeo kwa dhahabu. Anamkumbusha kwamba walimwua mtu mkuu kwa ajili ya haki. Je, sasa wachafue vidole vyao kwa hongo?

Maneno hayo ni mazuri sana, na vijana walipiga makofi. Lakini nikawaambia: "Ngojeni, someni mistari inayofuata." Maana mara hiyo hiyo Brutus anamlaumu Cassius kwa jambo jingine. Alimtumia watu kuomba dhahabu ya kuwalipa askari wake, na Cassius hakumpa. Yeye mwenyewe, asema, hawezi kuipata fedha kwa njia mbaya, wala kuikamua katika mikono migumu ya wakulima. Basi aliomba sehemu ya fedha ya Cassius. Na fedha ya Cassius ilitoka wapi? Brutus amekwisha kueleza mwenyewe! Anakataa kuikamua, na hapo hapo anakasirika kwa kunyimwa iliyokwisha kukamuliwa.

Jumanne ile tulikaa kimya kidogo. Wengine katika vijana wale walikulia karibu na kambi ya askari ya Katindo, nao wajua maana ya nyumba ambamo mshahara umechelewa au umefika nusu. Jambo hilo si geni katika nchi zetu. Januari 1964, miezi michache tu baada ya Mwalimu Nyerere kutoa tafsiri yake, askari wa Tanganyika waliasi, na mojawapo ya madai yao ilikuwa mishahara. Na hapa Kongo, mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulileta ujumbe wa kusaidia kurekebisha jeshi, na kazi yake moja ikawa kuitenga njia ya mishahara na njia ya amri, ili fedha ya askari isipite mikononi mwa wakubwa wake. Waliotunga mpango huo walijua vema kwamba katika jeshi kila mkono unaopitiwa na fedha waweza kuwasha.

Wala tusidhani kwamba upande wa pili wa mchezo ulikuwa safi. Antony, alipotaka kuwageuza raia, aliwasomea wosia wa Kaizari: kila mtu apewe drakma 75, na bustani zake ziwe za watu wote. Raia wakalia machozi. Lakini tukifungua sehemu inayofuata, twamkuta Antony huyo huyo akiagiza wosia uletwe, ili wapate kupunguza kitu katika zile zawadi. Machozi ya watu hayajakauka bado.

Basi hili ndilo jambo nililotaka kulisema. Shakespeare aliziweka dalili za kutisha mwanzoni, mbinguni na barabarani, mahali ambapo kila mtu aziona. Kisha, kidogo kidogo, akazishusha mpaka mikononi: mkono wa mtumwa unaowaka, mikono inayonawa damu, kiganja kinachowasha, mikono migumu ya mkulima. Tufani yaogopesha, lakini haikumwua mtu. Kilichowaangamiza Waroma wale kilikuwa katika mikono yao, na mikono ni kitu cha kila siku, kwa hiyo hakuna aliyeishangaa. Nadhani Mwalimu Nyerere aliliona hilo. Mwaka 1967, katika Azimio la Arusha, viongozi wa chama chake walikatazwa kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Watu wanabishana mpaka leo juu ya siasa yake, lakini hakuna awezaye kusema kwamba hakukitazama kiganja.

Labda msomaji atauliza: hayo yatuhusu nini sisi tusio na vyeo? Nitaeleza lililotupata. Vijana walitaka kuuigiza ugomvi wa hemani mbele ya watu. Tulihitaji vitambaa vyeupe na taa. Usiku mmoja papa mmoja, mfanyabiashara, alikuja kwangu. Alikuwa tayari kununua kila kitu, na jenereta juu yake. Aliomba neno moja tu: cheti cha ubatizo cha mwanawe kiandikwe upya, umri upunguzwe.

"Miaka miwili tu, Mwalimu," alisema. "Nani ataumia?"

Nikamjibu: "Papa, kitabu kile si changu. Mimi huandika lililotokea."

Tukaagana kwa heshima. Baada ya juma moja mzee mmoja wetu, mtu anayependa sana vijana, akaleta robota ya vitambaa vyeupe. Akasema: "Chukueni, watoto wangu, wala msiulize." Msichana mmoja akapiga goti kidogo, akasema: "Mzee wetu, tusamehe. Vimetoka wapi?" Mzee akakasirika. Akasema mtoto aliyelelewa vizuri haulizi zawadi ilikotoka. Lakini hakusema uongo: yule papa ndiye aliyemtafuta na kumpa, naye mzee alidhani vitambaa havina kosa. Hakuahidi lolote juu ya cheti. Alitaka tu mchezo ufanyike.

Vijana walibishana mpaka giza likaingia. Wengine walisema: Mwalimu amekwisha kukataa, cheti hakikubadilishwa, basi vitambaa ni safi, tuvipokee. Wengine wakasema: na papa huyo atakaporudi mwezi ujao, tukiwa tumevaa nguo zake, nani kati yetu atamtazama usoni? Mwisho msichana yule akasema neno moja: "Haya ndiyo yaliyo hemani. Cassius achukue, sisi tugawiwe." Wakavirudisha. Mzee alihuzunika, naye kwa muda mrefu hakufika kwetu. Vijana wanne waliacha kuja kabisa. Mchezo ulifanyika Jumapili alasiri, kwa mwanga wa jua, na Waroma wakavaa mashuka ya mama zao. Hasara ilikuwepo, wala sitaki kuificha, kwa kuwa wale wanne ningali nawatafuta.

Na tena mji wetu huu una mtu aliyelipa zaidi ya hayo. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma 13 Juni 1981. Alisomea sheria, alikuwa katika jumuiya ya Sant'Egidio, akawasaidia watoto wa barabarani. Alipata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Hapo walimjia watu waliotaka apitishe chakula kilichoharibika, nao walimpa fedha. Akakataa. Wakamtisha, akakataa. Julai 2007 alitekwa, akauawa, naye alikuwa na umri wa miaka 26. Papa Fransisko aliwatajia vijana wa Kongo habari zake huko Kinshasa, Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo.

Tazameni, wasomaji, jinsi habari hii inavyofanana na mchezo wetu, na mahali inapoachana nao. Floribert naye alionywa. Dalili alizipata, tena zilizo wazi kuliko ndoto ya Calpurnia. Lakini katika mchezo mzima wa Shakespeare sikuona mtu aliyesimama alipokuwa yeye. Cassius apokea. Antony apunguza. Brutus hapokei, lakini ataka kugawiwa. Floribert alifikiri juu ya mwisho wa safari: chakula kile kitaingia sokoni, kitapikwa katika sufuria ya mama asiyemjua, kitaliwa na mtoto. Alijua mazuku yaua walio chini, akakataa kuyafungulia mlango.

Mwezi Januari 2025 mji wetu uliangukia mikononi mwa M23, na tangu hapo watu wengi wameniuliza kama nilikuwa nimeona dalili. Kila mtu alikuwa na yake: mmoja aliota, mwingine aliona mbwa wakilia. Sizidharau ndoto za watu waliojaa hofu. Lakini afadhali tuulizane pia maswali yasiyo na maajabu: mishahara ililipwa? Barabara zilitengenezwa kwa fedha iliyotolewa? Mizani ya sokoni ilikuwa ya kweli? Vyeti vyetu vilisema kweli? Maswali hayo kila mtu aweza kuyauliza, wala hahitaji mpiga ramli.

Nasi tulio wazazi na walimu tuanze mahali padogo. Mtoto akiuliza mezani, "Papa, hiki kimetoka wapi?", tusikasirike, wala tusimwambie kwamba amekosa adabu. Tumjibu. Na kama jibu halisemeki mbele ya mtoto, basi dalili tumekwisha kuipata, nasi tungali na muda wa kukirudisha kitu kile kwa mwenyewe.